Mkulima anampenda msichana

Jamani hii imetokea huku kwetu Dodoma na wahusika wote wapo, shemeji mwenyewe kanipa ruhusa nisimulie ila kasema majina asiyaone, kwa hiyo mume wake nitamwita Mkulima, na hiyo kazi yake ndo iliyomponza.

Mkulima ni besi kwenye kwaya ya parokia, ana shamba la zabibu Hombolo, mtu mpole hata akikosea noti anaomba msamaha kwa kinanda. Kwaya yetu Kilatini inaimba, tena kwa mapafu yote, ila ukimuuliza mtu hapo umeimba nini anakwambia nimemsifu Mungu, basi. Kuna mmoja anaapa kabisa Kyrie eleison ni Kilatini, na kile ni Kigiriki. Sasa kwa vile mimi nilipitia seminari wakaning'ang'ania niwafundishe. Nikafukua kitabu changu cha zamani, kimeandikwa Kiingereza, kila mwisho wa somo kuna sentensi nyepesi nyepesi unazigeuza ziwe Kilatini, nikawa nazirusha kwenye grupu la WhatsApp usiku watu wakishakula, kila mtu anajibu kivyake.

Hapa lazima niwaeleze kitu kimoja la sivyo mtamuonea huyu baba. Vitabu vya Kilatini vya kuanzia vingi vinaanza na deklensheni ya kwanza, yani yale majina yanayoishia na A, sababu mikia yake ni rahisi. Humo ndani kuna nani? Puella, msichana. Agricola, mkulima. Nauta, baharia. Regina, malkia. Rosa, waridi. Silva, msitu. Umepewa hao tu utunge nao sentensi za mwezi mzima, unadhani watafanya nini? Watapendana. Watapeana maua. Watasubiriana msituni. Hakuna namna nyingine bana, ndo msamiati uliopo.

Basi usiku mmoja Mkulima kajibu maswali yake, kapata yote, nikafurahi nikamtumia makopa mekundu na meseji, hongera sana, kesho tunaendelea na huyo huyo msichana. Simu ikalia mezani, yeye yuko bafuni.

Shemeji akaisoma. Akapandisha juu akakuta mistari ya lugha asiyoijua, mumewe kaandika kwa kujiamini, na kwenye grupu kuna masoprano wamempigia makofi. Akaona hii sasa ni lugha ya kificho. Akamwamsha binti yao wa fomu tuu, binti akakopi akaweka kwenye apu ya kutafsiri. Ya kwanza ikatoka: mkulima anampenda msichana. Ya tatu: mkulima anamsubiri msichana msituni. Na huo ni mwezi wa nane, zabibu zinavunwa (huku kwetu ni mara mbili kwa mwaka), Mkulima analala shamba siku kadhaa, shemeji akajumlisha mwenyewe kwamba silva ni Hombolo.

Ila iliyommaliza ni ile ya pili, Puella agricolae rosam dat. Apu ikasema msichana wa mkulima anatoa waridi. Msichana WA mkulima!

Jumapili baada ya misa napigiwa, Mwalimu njoo nyumbani na hicho kitabu chako. Nikachukua bodaboda mpaka kwao Nkuhungu, nafika nimejaa vumbi, nasema mbukwenyi, wanaitikia kwa pua. Nyumba ile siku zote ukikaa tu zinaletwa karanga, hiyo siku hata maji. Wamekaa mashangazi, kaka wa shemeji, na mzee mmoja katekista mstaafu ambaye ameitwa kama mtaalamu wa lugha, kwa vile utotoni alitumikia misa za Kilatini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa 1962 mpaka 1965, haujabadilisha mambo. Mzee majibu yote ya misa anayo kichwani. Maana yake ndo hana, ila hilo nililijua peke yangu.

Nikaanza utetezi. Nikasema shemeji, ile ya pili apu imekusomea vibaya, agricolae ina mkia wa AE, na mkia huo hapo unaweza kufanya kazi mbili, unaweza ukawa "wa mkulima" na unaweza ukawa "kwa mkulima". Kitabu kilikusudia kwamba msichana anampa mkulima waridi.

Shemeji akaniangalia. "Kwa hiyo sio msichana wake, ni msichana anayempa maua."

Mkulima akaniminya goti, kama kunambia Mwalimu naomba usinitetee tena.

Shangazi mmoja akadai zisomwe kwa sauti mbele ya mzee. Nikasoma, agricola puellam amat, na nilivyonyamaza tu mzee akaitikia kwa sauti nene, "Et cum spiritu tuo." Nikasoma ya pili, akaitikia vile vile. Kaka wa shemeji akauliza ndo kusema nini hiyo, mzee akasema ni mambo mazito.

Shemeji akachukua kitabu akafunua kurasa, kimya, halafu akauliza swali ambalo seminari nzima hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mke yuko wapi humu?"

Nikamjibu ukweli. Nikasema mke ni uxor, yuko deklensheni ya tatu, bado hatujafika.

Aisee. Mashangazi walipiga yowe. "Yani mpaka mfike kwa mke, wasichana wote mmeshawamaliza?!"

Hapo nikaona nyumba inavunjika kwa ajili ya sarufi, nikakumbuka femina, mwanamke, yumo kundi la kwanza kabisa. Nikamwambia huyu hapa, mtu mzima, mwenye heshima zake, hata sasa hivi unaweza kumtungia sentensi. Akauliza inakuwaje. Nikamfundisha pale pale kwamba sisi tunabandika a na m kwenye kitendo, a-na-m-penda, wao mkia wanauweka kwenye mtu, anayetendwa anavaa M mwishoni, na wakishamvalisha unaweza kumweka mbele au nyuma, haijalishi.

"Neno la kuchapa lipo?"

"Lipo shemeji. Verberat."

Akachukua kalamu ya binti yake akaandika taratibu nyuma ya risiti ya umeme, akampa mumewe. Mkulima akasoma kwa sauti, Agricolam femina verberat, akajaa tabasamu akageukia ndugu, "Mnaona, kaandika mwenyewe, mkulima anamchapa mwanamke, na mimi tangu nimuoe sijawahi hata kumnyanyulia kidole!"

"Angalia mkia wa mkulima," shemeji akasema.

Akaangalia. Nikaona midomo inatafuta ile M, inaipata, tabasamu linarudi ndani lenyewe.

Na mzee kule kwenye kona, mikono kaikunja kifuani kama yuko altareni, akaitikia, "Et cum spiritu tuo."