Pafu likisinyaa: matundu madogo, kisu kikubwa au subira?

Kijana mrefu, mwembamba, mara nyingi mvuta sigara, anashikwa ghafla na kichomi upande mmoja wa kifua na pumzi inakatika. Kilengelenge juu ya pafu kimepasuka, hewa imevuja ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu limesinyaa. Akitibiwa kwa mpira wa kifuani peke yake, ule wa kutolea hewa ambao ncha yake hutumbukizwa kwenye chupa yenye maji, takriban mmoja kati ya watatu hurudiwa.

Hapo ndipo watetezi wa upasuaji wa matundu madogo wanapopata nguvu. Daktari hutoboa matundu mawili matatu kati ya mbavu, huingiza kamera, hukata sehemu yenye malengelenge na kuibana kwa pini ndogo za chuma, kisha hukwangua utando wa kifua ili pafu ligandamane nao. Mbavu hazitanuliwi kwa vyuma, hivyo mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Ila udogo huo ni wa ngozi. Ndani, utando unaokwanguliwa umejaa mishipa ya fahamu, na kuna wanaobaki na maumivu au ganzi kwa miezi. Tena miongozo ya Uingereza ya 2010 ilikadiria kwamba ugonjwa hurudi kwa asilimia 5 hivi baada ya matundu madogo, na asilimia 1 baada ya kifua kufunguliwa kwa kisu kikubwa.

Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2020 uliwachanganya zaidi wenye haraka. Wagonjwa 316 wa mara ya kwanza waligawanywa: wengine mpira, wengine kuangaliwa tu. Kati ya walioangaliwa, asilimia 94 mapafu yalifunguka ndani ya wiki nane, na waliorudiwa walikuwa wachache kuliko wenzao wa mpira.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza, mgonjwa akiwa anapumua vizuri, mimi niko upande wa subira. Rubani au mpiga mbizi hayumo. Huyo afanyiwe upasuaji mapema. Ikirudi, matundu madogo yanastahili, hiyo asilimia 5 nikiijua.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu inabadilika. Wengi pafu lao limeharibiwa kwanza na kifua kikuu, limegandamana na mbavu kiasi kwamba kamera haina pa kupita. Na upasuaji huu unataka mtaalamu wa usingizi anayeweza kulipumzisha pafu moja huku lingine likipumua. Asipokuwepo, ningechagua kisu kikubwa mkononi mwa aliyekizoea.