Njiti nne za kiberiti: zahanati iwapime wazee wote ugonjwa wa kusahau?

Baadhi ya tunayoyajua kuhusu demensia, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, katika vijiji vya Afrika yametoka Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea walipimwa, na baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, waliokuwa na ugonjwa huo wakawa asilimia 6.4. Kiwango hicho hakipishani sana na cha nchi tajiri. Imani ya zamani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu haina tena pa kusimama.

Swali lililobaki ni gumu zaidi. Kipimo kifupi tunacho sasa. Je, kila zahanati iwapime wazee wake wote, au ingoje mzee aletwe na watu wa nyumbani kwake?

Kwanza kipimo chenyewe. Kile kilichozoeleka duniani tangu 1975, MMSE, humtaka mtu atoe saba kutoka mia, kisha atoe saba tena na tena, aandike sentensi, na achore pembetano mbili zilizopishana. Bibi aliyelima kahawa maisha yake yote bila kushika kalamu atafeli hata kama akili yake ni nzima kabisa. Watafiti wa Hai walitengeneza kingine, kiitwacho IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, na daraja ni nini. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno kumi, na baada ya muda anaulizwa anayakumbuka mangapi. Mwisho anaoneshwa umbo lililopangwa kwa njiti nne za kiberiti, naye alipange kama alivyoliona. Hakuna kusoma wala kuandika. Alama za juu ni 15, na anayepata 7 au pungufu huhesabiwa kuwa kuna uwezekano mkubwa ana demensia.

Kinaonekana chepesi, na hapo ndipo kinapoharibiwa. Mpimaji mwenye haraka husoma yale maneno kumi kama anayeita majina ya foleni, na mzee anayesikia kwa taabu hupata matatu tu ya kukumbuka. Binti amekaa pembeni, anamnong'oneza mama jina la mwenyekiti. Mwenye mtoto wa jicho hazioni njiti vizuri mezani, hasa zikiwekwa juu ya kitambaa cha maua. Mzee aliyezoea Kimachame anaulizwa kwa Kiswahili, na anachokosa ni neno, si kumbukumbu. Kabla ya swali la kwanza, basi, atazamwe masikio kama yamejaa nta, avae miwani yake kama anayo, akae kwenye mwanga, na ndugu waombwe kusubiri nje. Asipimwe siku ana homa. Dakika tano za maandalizi haya zina uzito sawa na maswali yenyewe.

Wanaotaka wazee wote wapimwe wana hoja yenye nguvu: si kila anayesahau ana demensia, na baadhi ya visababishi vinatibika. Sonona humfanya mzee awe mzito wa kufikiri, ajibu "sijui" kila swali. Tezi ya shingo ikipungua nguvu, au vitamini B12 ikikosekana, akili hufifia. Kaswende ya muda mrefu na VVU navyo hufika kwenye ubongo. Mzee aliyeanguka akagonga kichwa anaweza kuvuja damu taratibu chini ya fuvu, akachanganyikiwa wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kwamba alianguka. Na dawa zenyewe: amitriptilini ya usingizi au ya maumivu, diazepamu, hata piriton ya mafua, zinatosha kumvuruga mtu wa miaka 80. Mkusanyiko wa vidonge kwenye mfuko wa plastiki aliokuja nao mzee mara nyingine ndio jibu lenyewe. Asipopimwa, nyumbani watasema tu "mzee amerudi utotoni", na kilichokuwa kinatibika kitaachwa.

Wanaopinga nao wana hesabu. Chukua wazee 1,000, kati yao 64 wana demensia kweli. Tuseme, kwa mfano tu, kipimo kinawanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawataja kimakosa wazima 15 katika kila 100. Kitawapata wagonjwa 58 na kuwaongezea wazima 140. Katika karibu wazee 200 watakaoambiwa warudi kwa uchunguzi, wenye ugonjwa hawafiki theluthi. Nani atawachunguza? Tabibu yuleyule mwenye foleni ya watoto wenye homa na wajawazito. Uingereza, pamoja na hospitali zake, haijapitisha upimaji wa jumla wa demensia, na jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi wa faida yake bado hautoshi. Tena msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo humfikisha mzee kwa daktari, lakini dawa isipokuwepo stoo anaandikiwa karatasi ya kwenda duka la dawa. Kipimo kisicho na hatua ya pili kinamwachia mzee hofu mpya tu.

Jina la ugonjwa nalo lina pande mbili. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, mekundu kwa moshi wa jiko wa miaka mingi. Bibi anayezunguka usiku na kuongea peke yake yumo hatarini zaidi, na familia ikiambiwa wazi kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, inaweza kumkinga. Lakini jina hilohilo likitamkwa ovyo mbele ya majirani hugeuka kuwa "kichaa", na pengine shamba lake likaanza kugawanywa angali hai.

Kwangu, upimaji wa kijiji kizima haufai kwa sasa, na kusubiri tu hakufai vilevile. Zahanati ipime palipo na shaka: mzee aliyepotea njia anayoijua, aliyeacha kwenda vikao vya ukoo, anayekosea dawa zake za presha, au ambaye mwanawe amesema "mama si yule". Akipata alama ndogo, aulizwe mtu anayeishi naye: mabadiliko yalianza lini, ghafla au polepole? Yaliyokuja kwa siku mbili tatu ni dharura, mara nyingi ni maambukizi, na siyo demensia. Kisha vidonge vyote vimwagwe mezani vikaguliwe, presha na sukari vipimwe, na damu ipimwe kaswende na VVU. Anayehitaji kipimo cha tezi au picha ya kichwa apewe rufaa. Apimwe tena akishatibiwa kilichopatikana, ndipo jina litajwe.

Dawa za kuirudisha kumbukumbu iliyokwisha kupotea hakuna. Hata donepezili, dawa ya demensia, hupunguza dalili kidogo tu. Lakini Hai palijaribiwa mazoezi ya akili ya kikundi, vikao 14 katika wiki saba, kwa wagonjwa 34, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha nafuu katika kufikiri na katika wasiwasi. Kundi ni dogo, wala halithibitishi kila kitu. Hata hivyo vikao hivyo havihitaji mashine. Vinahitaji mtu aliyefunzwa, chumba, na usafiri wa mzee asiyeweza kutembea kilomita nne.

Na yuko mwingine ambaye fomu za zahanati hazina nafasi ya jina lake: binti au mkamwana anayemwogesha mzee, anayefunga mlango usiku asitoke, anayeamka mara nne. Siku mzee anapopimwa, huyo naye apimwe presha, na aulizwe amelala saa ngapi.