Mtoto wa Shela na mchanga wa wenyewe

Kiburi kilinianza ndani ya jumba la makumbusho la Sceptre, kijiji cha wakulima wa ngano kule Saskatchewan, Kanada. Bibi mmoja mzee alituonyesha pasi ya mkaa na taa ya chemni, eti vitu vya kale. Nikamnong'oneza shemeji, mume wa dada yangu: "Hizi kwa mama zinatumika mpaka leo." Kwa hiyo bibi alipotuusia tusivue viatu kwenye vilima vya Great Sandhills tulikokuwa tunaelekea, na tuangalie pa kukaa, niliitikia kwa adabu tu. Hata picha kwenye kiti cha chuma cha trekta kuukuu nilimwambia mpwa wangu tutapiga tukirudi.

Great Sandhills ni vilima vya mchanga vilivyotanda kilomita za mraba 1,900 hivi, na bahari huioni wala huisikii. Mchanga uliachwa na barafu ya zama hizo ilipoyeyuka, upepo ukaurundika. Sasa mimi ni mzaliwa wa Shela, Lamu. Kuteleza mchangani nilijua kabla ya kujua kusoma. Nikavua viatu.

"Mjomba, bibi amesema..."

"Mwanangu, mchanga ni mchanga."

Nikashuka kwa makalio, mikono juu, kanzu ikipepea. Chini, pale mchanga unapokutana na nyasi, nikatua juu ya mpungate. Wa kwetu husimama ukauona. Wa kule umejilaza chini kama chapati.

Miiba mirefu ilitoka upesi. Ile midogo kama nywele ndiyo iliyoniumbua. Nililala kifudifudi nyuma ya gari, shemeji mtu wa heshima zake akining'olea mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha dada yangu, huku ameangalia pembeni kwa haya, jambo lililomfanya afinye nyama mara nyingi kuliko mwiba. Na wakulima wa huko wana utu uliopita kiasi: gari likisimama kandoni, lazima waulize kuna nini. Pikapu tatu zilisimama. Wa tatu alituletea koleo ya kukazia waya wa ua.

Tulirudi makumbusho kumshukuru bibi. Akanitazama ninavyotembea, akaingia ndani kimya, akatoka na mto wa kukalia.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, simu tayari mkononi, "ile picha ya kwenye trekta?"