Sukari haipo, au sukari haipa?

Mpwa wangu anasoma uuguzi hapa Moshi, mwaka wa kwanza. Jumapili alikuja kwangu Majengo na kadi za maneno zilizofungwa kwa mpira, akazitua kando ya bakuli la mtori. "Mjomba, hizi ndizo zitanirudisha nyumbani." Mwalimu wao anataka wakate kila neno la kitabibu: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati. Wenzake wanaona ni kupoteza muda, heri kukariri neno zima.

Mimi nilianza nikiwa upande wa mwalimu. Aliyekulia kwenye Kiswahili hafundishwi kukata maneno. Mpe mzizi "-pim-" atakupa kipimo, mpimaji, upimaji, amepimwa, huku akiendelea kula. Kigiriki, kilikotoka maneno mengi ya kitabibu, nacho kina mchezo huohuo: "gastr" ni tumbo, "hepat" ni ini, "nephr" ni figo. Bandika "-itis" nyuma, kiungo kimewaka na kuvimba. Bandika "-ectomy", kimekatwa kikatolewa. Mizizi mitatu, viambishi viwili, maneno sita tayari.

Ila wale wenzake si wavivu tu. Kwa kuwa "-oma" wamefundishwa ni uvimbe wa saratani na jamaa zake, mpwa wangu alipokutana na "hematoma" aliandika saratani ya damu. Kumbe ni damu iliyovuja ikajikusanya ndani ya mwili, hata ile ya kujigonga mlangoni. Malaria nayo ukiikata unapata "hewa mbaya" ya Kiitaliano, na jina limebaki hivyo ingawa Ronald Ross alikuta vimelea vyake ndani ya mbu tangu 1897. Figo yenyewe ina mizizi miwili, maana Kilatini nacho kilileta "ren" yake. Ningekuwa mwalimu, orodha ya viambishi ningeigawa pamoja na orodha ya wasaliti.

Kinachonitisha zaidi ni "hypo" na "hyper": chini ya kiwango, na juu ya kiwango, tuseme cha sukari kwenye damu. Kwa matamshi yetu ni haipo na haipa. "Rahisi, mjomba. Haipo, yaani sukari haipo!" Nilicheka. (Ipo, ila imepungua, lakini kwa kukumbuka, inatosha.) Sasa fikiria wodi yenye kelele, zamu inapokezana saa moja usiku. Mgonjwa ambaye sukari imeshuka anatakiwa apewe glukosi haraka. Akichomwa insulini, dawa ya kushusha sukari, kwa kudhaniwa imepanda, anaweza kufa. Kilichotofautisha ni irabu moja mwishoni, wakati "imeshuka" na "imepanda" huwezi kuzichanganya hata ukiwa na usingizi.

Kwa hiyo kukata maneno nakukubali, kwa ajili ya faili, vitabu na mtihani. Mdomoni, wapeane taarifa kwa Kiswahili cha kawaida, hata kama daktari atawaona washamba.

Kabla ya kuwahi daladala alizigeuza kadi mbili, akaandika nyuma kwa wino mwekundu: imeshuka, imepanda. Ile ya "hematoma" aliikunja akaitia mfukoni, peke yake.