Ankara ya Habari Isiyotoka

Tangu niache ajira na kuwa mshauri wa kujitegemea wa mahusiano ya umma hapa Dar es Salaam, ninaweza kuwaeleza Watanzania kwa nini huduma ya mteja wangu imepanda bei, na wakanielewa, lakini nimeshindwa kumweleza mama mkwe kazi ninayoifanya. Yeye humwona mwanamume mzima ameketi sebuleni saa nne asubuhi, shati na tai juu, bukta chini, akibishana na kompyuta, naye humnong'oneza binti yake, kwa mnong'ono unaosikika hadi kwa jirani, kama mwenzake bado hajapata kazi.

Raha ipo, siikatai. Sigombanii basi la mwendokasi alfajiri, wala siitwi katika kikao cha kupanga kikao kijacho. Mteja akinichosha ninaweza kumwacha, angalau kinadharia, maana ada ya shule haitambui nadharia. Isipokuwa bosi niliyemkimbia alikuwa mmoja, na sasa kila mteja ni bosi anayeamini kwamba simu yangu ilinunuliwa kwa ajili yake peke yake.

Kinachonikera hasa ni kwamba kazi hii ikifanyika vizuri haionekani. Mwandishi wa habari anapopiga simu usiku kuuliza juu ya majitaka yanayodaiwa kuelekezwa mtoni, mteja hutaka kuzima simu na kwenda kijijini kwao, nami hukesha nikimsihi abaki, aseme kilichotokea, na awakaribishe waandishi wajionee wenyewe. Kesho yake hutoka habari fupi, ya haki, ukurasa wa ndani, chini ya ratiba ya ligi. Hapo ndipo mhasibu wake huniuliza kwa upole wa kutisha: "Sasa ndugu yangu, mbona hakuna kilichotokea? Tunalipia nini?"

Mwaka 1906 huko Marekani, Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa mahusiano ya umma, aliishauri kampuni ya reli ya Pennsylvania iwaeleze waandishi ukweli wa ajali ya treni badala ya kuificha, na hadi leo vitabu vya fani yetu vinamsifu kwa ushauri ule. Ninachotamani kujua mimi ni kama mhasibu wa reli alimwambia arudi Ijumaa.

Maana ankara ina safari yake. Kwanza huwa haijafika. Ikifika, haina namba ya LPO, ile hati ya kuagizia huduma. Ikipata namba, mkurugenzi wa kutia sahihi yuko semina Arusha. Hatimaye hutakiwa nilete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla ya kulipwa, yaani nikiri mbele ya serikali kwamba nimepokea fedha ambazo bado ninaziota. Zikija, zimekwisha kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo, nikiri, ndiyo sehemu pekee ya malipo yangu isiyochelewa.

Juzi mteja huyo huyo ameniagiza nimwandalie taarifa kwa vyombo vya habari, ikieleza jinsi kampuni yake inavyowalipa watoa huduma wadogo kwa wakati. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba taaluma yetu hairuhusu kutangaza jambo lisilo na ushahidi, na kwamba ushahidi unaofaa anao mezani kwake: ni ankara yangu ya mwezi Machi.