Ya Mwaka Gani?

Kila muuza spea niliyemwendea alinipokea kwa swali hilohilo: "Ya mwaka gani?" Nami nilijibu bila kupepesa, "1976," kwa kuwa ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia.

Ni skrambla, pikipiki ya njia mbovu, ya Yamaha, DT175, injini ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma. Siku ya kuinunua, mwenyewe aliipiga kiki moja tu ikawaka. Nilipoigusa injini kabla ya hapo ilikuwa ya moto, nikadhani ni jua. "Chuma hiki, kaka, hakijui kurudi nyuma," akaniambia. Nikalipa harakaharaka asije akaghairi. Nikikumbuka sasa, aliyekuwa na haraka ni yeye, maana geti alilifunga kabla sijavaa helmeti.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, ikagoma. Niliipiga kiki mpaka ule mkono wa kiki ukaona nimezidi, ukanirudi kwenye muundi. Nikamwita fundi. Akachomoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba na kuniambia nipige tena. Kidole hakikutikisika.

"Pumzi hakuna," akasema, kwa sauti ya daktari anayemwita ndugu wa mgonjwa pembeni. "Pistoni na ringi."

Nikaagiza pistoni ya DT175, milimita 66. Wiki tano za kungoja. Ilipofika, fundi aliishika juu ya mdomo wa silinda, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Haikuwa ya kuingia pale hata kwa dua. Tukakwangua matope na rangi tukatafuta namba. Shingo ya fremu ilisema 175. Injini ilisema 125. Mwendo wa pistoni kwenye injini hizo mbili ni uleule, milimita 50. Kinachotofautiana ni upana, na ya 125 ni milimita 56. Tulipokuwa tunaendelea kukwangua, tangi nalo likajitambulisha: Suzuki. Nikamwomba fundi aache kukwangua.

Nikaagiza ya 56. Kuipima silinda kwanza hakuna aliyekumbuka. Tulishapata jibu, na mwenye jibu hapimi. Safari hii pistoni iliingia vizuri mno. Ilitumbukia kama jiwe kisimani na kucheza humo ndani kwa nafasi, kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Hapo ndipo fundi alipoitoa ile pistoni kuukuu kwenye boksi la misumari, akaifuta masizi kichwani. Chini ya masizi palikuwa na mhuri: 1.00. Mmiliki fulani wa zamani alishaipanua silinda milimita nzima, kwa hiyo tulihitaji ya 57, na habari hiyo ilikuwa imelala na misumari muda wote huo.

Ya 57 ikaja. Ikakaa. Fundi akaenda kunawa mikono, nami nikaona haifai nisubiri kila kitu nifanyiwe. Platini, zile zinazopanga cheche itoke wakati gani, nikazirekebisha mwenyewe, nikaikaza sahani yake pale palipoyapendeza macho yangu. Kisha nikapiga kiki, lakini kiki ya mtu mwenye muundi unaokumbuka. Injini ikakohoa, ikanisukuma mguu juu, halafu ikawaka! Mlio ulikuwa na ukwaru kidogo. Uzee, nikasema moyoni.

Nikavaa helmeti. Jirani alikuwa ukutani akinitazama, kwa hiyo nikatoa kifua. Gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Nikaenda nyuma.

Sikuamini, na kwa kuwa sikuamini, nikaongeza mafuta. Pikipiki ikanitii kikamilifu. Nilipita mlango wa jikoni kinyumenyume, nikampita fundi na sabuni yake mkononi, na wote wawili tukatazamana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kilichonisimamisha ni kamba ya nguo.

"Umewahisha cheche," fundi alikuwa akinieleza huku akinifunua shuka usoni, bila haraka. Injini za namna hii, akasema, hazina valvu za kuziambia mbele ni wapi. Cheche ikiwahi na kiki ikiwa ya woga, pistoni inarudishwa kabla haijavuka kilele, na injini inaanza kuzunguka kinyume kwa furaha ileile.

Jirani akafika, akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma. Akaigonga tangi kwa ukucha.

"Chuma hasa," akasema. "Ya mwaka gani?"

Nikiwa bado na soksi ya mtu begani, nikamuuliza: "Sehemu gani?"