Kilimanjaro: kijani kilichorudi si msitu uliokwenda

Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, Mlima Kilimanjaro, na TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, ikatangaza kuwa takriban kilomita za mraba 95 zimeteketea. Mabishano hayajaisha hadi leo: wapo wanaosema mlima umepata kilema, na wapo wanaouliza, mbona majani yameshaota?

Wanaouliza hivyo wasipuuzwe. Erica excelsa, mti uliotanda sehemu za juu za msitu, ukiungua huchipua tena kutoka shinani. Zaidi ya hapo, mahali pengi unapostawi leo palikuwa na mipodo na miti mingine mikubwa kabla ya mioto ya zamani. Yaani sehemu ya msitu tunaoulilia ni mtoto wa moto. Jambo hili wapenda mazingira wengi hawapendi kulisikia.

Lakini kuhimili moto mmoja si kuhimili moto kila baada ya miaka michache. Moto ukirudi mapema, unakuta machipukizi bado hayajawa miti. Kinachobaki ni vichaka, na mpaka wa juu wa msitu unazidi kuteremka. Kwa mpita njia bado ni kijani. Kwa maji ni habari nyingine. Mti mrefu uliojaa ndevu za kuvumwani na majani madogo hukamata ukungu, ukadondoka chini tone kwa tone hata mvua isiponyesha. Kichaka kifupi hakiwezi kazi hiyo. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp alieleza kwamba, kwa upande wa maji, hasara ya mioto ya Kilimanjaro inaufanya mchango wa barafu inayoyeyuka uonekane mdogo. Sisi tunapiga picha theluji (nami nimo), ilhali mito inayolisha Mto Pangani inategemea zaidi msitu.

Kwa hiyo naegemea upande wa wenye hofu, ila si hadi kuufunga mlima. Chanzo kilichotajwa mwaka 2020 ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hilo linahitaji majiko salama na usimamizi kambini. Warina asali nao hulaumiwa kila mwaka kwa mienge yao, pengine kwa haki. Ila moto wa 2020 ulipopamba, mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanavijiji wa chini ya mlima, na baadhi yao walikuwa na matawi tu mkononi.